Ardhi Haipigi Kura: Historia ya Jimbo la Uchaguzi la Kalgoorlie

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni mbele ya mkusanyiko wa wazungumzaji wa Kiswahili hapa Perth, Australia Magharibi. Naiweka nzima kwa ajili ya wale waliokuwa zamu kazini au safarini wakakosa kufika. Ramani zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, nanyi vijana mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kupata usingizi, nawasalimu nyote.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie uchaguzi wa nchi hii, kwa kuwa wengi wenu mmeapishwa uraia hivi karibuni, nadhani alitarajia nieleze namna ya kujaza karatasi ya kura. Somo hilo litatolewa na mwenzangu baada ya chai, naye analijua kuliko mimi. Mimi niliomba ruhusa nizungumzie jimbo moja la uchaguzi ambalo halipo tena, jimbo la Kalgoorlie la hapa Australia Magharibi, lililozaliwa mwaka 1901 pamoja na shirikisho lenyewe la Australia na kufutwa katika uchaguzi wa mwaka 2010. Niliishi mji wa Kalgoorlie miaka minne, na kila nilipouliza habari za jimbo hilo nilijibiwa kwanza kwa kutajiwa ukubwa wake, kana kwamba ukubwa ndiyo historia yake yote.

Kabla sijaendelea, naomba tuelewane juu ya neno. Kiswahili chetu hutumia neno jimbo kwa eneo la mbunge, na hulitumia vilevile kwa zile sehemu kubwa zilizoungana kuunda nchi kama Marekani au Australia. Leo nikisema jimbo, nina maana ya eneo la mbunge tu. Australia Magharibi nitaiita kwa jina lake.

Haya, tuanze na ukubwa huo, maana nikiuacha mtanidai. Mwishoni mwa uhai wake jimbo la Kalgoorlie lilikuwa na kilomita za mraba 2,295,354. Ndugu zetu mliotoka Kongo, nchi yenu ni kilomita za mraba 2,344,858. Tofauti haifiki elfu hamsini. Ninyi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, mkiziunganisha nchi zenu zote tano, jimbo hilo litazimeza, na bado litabakiwa na nafasi ya kilomita za mraba zaidi ya laki nne na nusu. Kongo ina wabunge 500 katika Bunge lake la Taifa. Kalgoorlie ilikuwa na wabunge wangapi? Mmoja.

Watu wa huko hupenda kusema kwamba lilikuwa jimbo kubwa kuliko yote duniani. Mimi ningesema lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa, kwa sababu Wakanada wana jimbo la Nunavut lenye kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili, na Warusi wana jimbo la Yakutia linalozidi milioni tatu. Lakini sikushauri ukabishane juu ya hilo katika baa ya Kalgoorlie.

Swali langu la leo ni hili: jimbo hilo lilipataje ukubwa huo, na ni nani hasa aliyekuwa akiwakilishwa? Je, ardhi hupiga kura?

Turudi nyuma. Mwezi Juni mwaka 1893 watu watatu wazaliwa wa Ayalandi, Paddy Hannan, Tom Flanagan na Dan Shea, walikuwa safarini wakitafuta dhahabu mashariki ya Coolgardie, ambako dhahabu ilikuwa imepatikana mwaka uliotangulia. Wakaiona. Hannan akapanda farasi akarudi Coolgardie kusajili eneo lao, na habari ilipoenea, watu wakamiminika kwa miguu, wengine wakisukuma mikokoteni ya gurudumu moja. Wenyeji wa asili walikuwa na jina la mahali pale, na jina Kalgoorlie limetokana na neno lao, Karlkurla, ambalo ni tunda la mti wa porini. Wakaja watu kutoka makoloni ya mashariki ya Australia, wakaja Waayalandi na Waingereza, wakaja pia Waislamu kutoka Afghanistan na Bara Hindi na misafara yao ya ngamia, maana bila ngamia hapakuwa na chakula wala maji ya kuwafikisha watu hao migodini. Maji yaliuzwa kama bidhaa ya dukani. Homa ya matumbo iliua watu wengi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo siasa ilipozaliwa. Wachimbaji wale hawakuipenda serikali ya Perth, iliyotawala koloni la Australia Magharibi. Walitozwa ushuru wa chakula kilichoingia kutoka makoloni ya mashariki, na walipoomba reli ya kwenda bandari ya Esperance, ambayo iko karibu nao kuliko Fremantle, walinyimwa, kwa sababu wafanyabiashara wa Perth na Fremantle hawakutaka mizigo ipite mlango mwingine. Kwa hiyo, wakati makoloni mengine yalipokuwa yakikubaliana kuungana kuwa shirikisho na viongozi wa Perth wakisitasita, watu wa dhahabu walichukua hatua ambayo hata leo inanishangaza. Walimwandikia Malkia Victoria ombi lenye sahihi zaidi ya 27,000, wakitaka eneo lao likatwe kutoka Australia Magharibi na kuwa koloni la peke yake, ili waingie katika shirikisho bila Perth. Koloni hilo lilipewa hata jina: Auralia, kutokana na neno la Kilatini la dhahabu.

Auralia haikuzaliwa. Lakini tishio lilifanya kazi yake. Tarehe 31 Julai 1900 kura ya maoni ilipigwa, na Australia Magharibi ikakubali kuungana kwa kura 44,800 dhidi ya 19,691. Katika maeneo ya dhahabu, kura za ndiyo zilizidi za hapana mara kumi na zaidi. Kuna jambo dogo ambalo nawaomba mliangalie mkipata nafasi. Utangulizi wa Katiba ya Australia unayataja makoloni yaliyoungana, lakini Australia Magharibi haimo katika orodha hiyo. Ilichelewa kuamua, sheria ilikuwa imekwisha kupitishwa London wiki chache kabla ya kura.

Uchaguzi wa kwanza wa shirikisho ulifanyika mwezi Machi 1901. Australia Magharibi ilipewa majimbo matano: Perth, Fremantle, Swan, Coolgardie na Kalgoorlie. Mawili kati ya matano, ndugu zangu, yalikuwa ya dhahabu! Na Kalgoorlie ikamchagua nani? Ikamchagua John Kirwan, mhariri wa gazeti la mji ule, mmoja wa viongozi wa lile ombi la kujitenga, naye pia mzaliwa wa Ayalandi. Bunge lilikuwa likikutana Melbourne, na reli ya kuvuka bara haikuwapo. Mbunge wa Kalgoorlie alipaswa kusafiri kwa treni kwenda magharibi hadi pwani, kisha kupanda meli na kuzunguka ghuba kubwa ya kusini ili aende mashariki. Reli aliyoahidiwa mpiga kura wake ilikamilika Oktoba 1917. Kati ya Kalgoorlie na Port Augusta ina urefu wa kilomita karibu 1,700.

Kirwan hakudumu. Mwaka 1903 alishindwa na kijana wa chama cha Labor aitwaye Charlie Frazer, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Baadaye Frazer akawa Waziri wa Posta, na stempu ya kwanza ya nchi nzima, ile yenye kangaruu ndani ya ramani ya Australia, iliyotoka Januari 1913, ni kazi ya wakati wake. Alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 33. Labda ni bahati tu, lakini wabunge wa maeneo haya ya dhahabu walipewa wizara ya posta zaidi ya mara moja: Hugh Mahon aliishika mwaka 1904 akiwa mbunge wa Coolgardie, akaja Frazer, na baadaye Albert Green. Kwa upande wangu sidhani ni bahati tu. Mtu anayewakilisha watu wanaosubiri barua kwa wiki kadhaa hujua thamani ya barua.

Nimemtaja Hugh Mahon. Huyu nataka nikae naye kidogo, kwa sababu kisa chake hakina mfano katika Bunge la nchi hii.

Mahon alizaliwa Ayalandi mwaka 1857, na akiwa kijana, mwaka 1881, alifungwa katika gereza la Kilmainham kwa siasa za kupinga wamiliki wa ardhi. Alikuja Australia, akawa mwandishi wa habari, akawa mbunge wa Coolgardie tangu 1901. Jimbo la Coolgardie lilifutwa mwaka 1913, dhahabu ilipoanza kupungua na watu kuhama. Na Frazer alipofariki mwishoni mwa mwaka huo, Mahon akaingia Kalgoorlie. Aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alikipoteza kiti mwaka 1917, akakirudisha mwaka 1919.

Tarehe 25 Oktoba 1920 Meya wa jiji la Cork, Terence MacSwiney, alikufa katika gereza la Brixton, London, baada ya kususia chakula kwa siku 74. Waayalandi kila mahali walilia. Tarehe 7 Novemba ukafanyika mkutano wa hadhara Melbourne, na Mahon akasimama akaishambulia Dola ya Uingereza kwa maneno makali mno. Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, aliyewahi kuonja gereza la Waingereza, na alikuwa na uchungu. Je, mbunge akikasirika mkutanoni, nje ya Bunge, hukumu yake hutolewa na nani? Mahakama? Wapiga kura wake? Waziri Mkuu Billy Hughes aliona hukumu itolewe na Bunge, tena upesi. Siku nne tu baada ya mkutano alileta hoja kwamba Mahon ametamka maneno ya uchochezi na ya kukosa utii, yasiyolingana na kiapo chake. Mjadala ulikesha. Alfajiri ya tarehe 12 Novemba kura zikapigwa, 34 dhidi ya 17, Mahon akafukuzwa ubunge. Kwenye ukumbi mwenyewe hakuwapo.

Wala si kwamba wale 34 walikuwa waamuzi wasio na upande. Walikuwa upande wa serikali, na wale 17 walikuwa upande wa Mahon. Huo ndio ubaya wa Bunge kujigeuza mahakama.

Kesi ikarudi kwa wapiga kura. Tarehe 18 Desemba 1920 ulifanyika uchaguzi mdogo Kalgoorlie, Mahon akagombea tena. Mnadhani watu wa dhahabu, waliowahi kutaka kujitenga na Perth kwa hasira, walimrudisha? Hawakumrudisha. Alishindwa na mgombea wa chama tawala, Edward Foley, kwa kura 443. Chama tawala kukinyang'anya upinzani kiti katika uchaguzi mdogo wa shirikisho halikuwa jambo la kawaida, na halikutokea tena nchi nzima kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka uchaguzi mdogo wa Aston, Melbourne, Aprili 2023. Siku ile wachambuzi wa televisheni walilazimika kuitaja Kalgoorlie, na vijana wengi wa Melbourne wakasikia habari za Mahon kwa mara ya kwanza.

Bunge liliondoa uwezo wake wa kumfukuza mbunge kwa sheria ya mwaka 1987. Kwa hiyo Mahon ndiye pekee aliyewahi kufukuzwa na Bunge la Shirikisho, na sheria ikibaki ilivyo, hatapata mwenzake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lilinifanya nichague mada hii mbele yenu ninyi, na si mbele ya watu wengine.

Mwaka 1902 Bunge jipya la Australia lilipitisha sheria ya haki ya kupiga kura. Ilikuwa sheria ya kimaendeleo kwa wakati wake, maana iliwapa wanawake wa nchi nzima kura, jambo ambalo Uingereza ilikuwa haijalifanya. Lakini katika sheria hiyohiyo kulikuwa na kifungu kilichosema nani asiandikwe katika daftari la wapiga kura: wenyeji wa asili wa Australia, wa Asia, wa Afrika na wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, isipokuwa New Zealand. Rudieni moyoni: wa Australia, wa Asia, wa Afrika. Wale wenye ngamia waliolisha Kalgoorlie hawakuandikwa. Wazamiaji wa lulu wa Broome waliotoka Asia hawakuandikwa. Mtu kama mimi au wewe, mama, uliyekaa pale mbele na cheti chako cha uraia ndani ya mkoba, asingeandikwa. Na mwenyeji wa asili, ambaye babu zake walikuwa na jina la kila mti na kila kisima cha jangwa lile, hakuandikwa, isipokuwa wachache waliokuwa na haki hiyo tangu zamani katika makoloni mengine.

Tena Katiba, kifungu cha 127, ilisema kwamba katika kuhesabu idadi ya watu, wenyeji wa asili wasihesabiwe. Fikirini maana yake. Tunasema jimbo lilikuwa kubwa kwa sababu nchi ilikuwa tupu. Lakini nchi ilikuwa tupu katika vitabu kwanza! Kimberley, Pilbara, jangwa la Gibson, jangwa kubwa la mchanga, kote huko kulikuwa na watu, wachache ukilinganisha na miji, lakini walikuwapo; na kalamu ya hesabu ilipita juu yao kama ndege anavyopita juu ya maji. Ardhi haipigi kura, nakubali. Je, watu wa ardhi hiyo nao?

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1962 wenyeji wa asili waliruhusiwa kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa shirikisho, ingawa hawakulazimishwa kama wengine. Tarehe 27 Mei 1967 kura ya maoni ilifuta kile kifungu cha 127, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa nchi nzima walisema ndiyo. Hapa lazima niwe mkweli juu ya jimbo ninalolisifu: Kalgoorlie ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotoa kiwango kikubwa zaidi cha kura za hapana. Waliokuwa mbali na wenyeji wa asili walikubali kwa wepesi. Waliokuwa jirani zao ndio waliositasita. Jambo hili nimeliona katika nchi nyingine pia, na sitazitaja.

Mwaka 1977, katika uchaguzi wa Bunge la Australia Magharibi, eneo la Kimberley, mawakili walipelekwa vituoni kuwahoji wapiga kura wenyeji wasiojua kusoma, mpaka wengine wakaondoka bila kupiga kura. Mahakama ilibatilisha matokeo. Mgombea aliyekuwa ameshindwa, Ernie Bridge, mwenyeji wa asili, alikipata kiti hicho mwaka 1980, na baadaye akawa waziri. Uchaguzi ule haukuwa wa shirikisho, lakini vituo vile vilikuwa ndani ya jimbo letu, na watu walikuwa walewale.

Kisha kikaja kisa cha Oktoba 1984. Karibu na makazi ya Kiwirrkurra, mbali sana upande wa mashariki, ulionekana moshi, kukagunduliwa familia ya watu tisa wa kabila la Wapintupi, akina mama wawili na watoto saba wakubwa, waliokuwa wakiishi jangwani kwa mawindo na matunda ya porini, baba yao akiwa amefariki. Hawakuwa wamewahi kuishi nje ya maisha yale. Ndugu zao, ambao walikuwa wamehamia makazini miaka ya nyuma, waliwapokea kwa furaha na machozi. Baadhi yao wakaja kuwa wachoraji ambao picha zao zinanunuliwa duniani kote.

Magazeti yaliandika juu ya kabila lililopotea. Wao walikuwa nyumbani kwao siku zote, hawakupotea. Mimi ninachokifikiria ni kitu kingine. Watu wale, siku zote walipokuwa wakitafuta maji kati ya matuta ya mchanga, walikuwa na mbunge. Jina lake Graeme Campbell, wa chama cha Labor, mbunge wa Kalgoorlie tangu 1980. Na mwaka huohuo wa 1984 ndipo kujiandikisha kulipofanywa kuwa lazima kwa wenyeji wa asili kama kwa raia wengine. Chini ya miezi miwili baada ya familia ile kutoka jangwani, tarehe 1 Desemba 1984, ulifanyika uchaguzi mkuu, na ndege ndogo zilibeba masanduku ya kura kwenda kwenye makazi ya mbali.

Ndugu mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo miongo mingine nitaipita mbio. Albert Green alilishika jimbo tangu 1922 mpaka alipofariki mwaka 1940. Mwaka 1933, Australia Magharibi ilipopiga kura ya kutaka kujitenga na shirikisho, theluthi mbili walikubali kujitenga, lakini watu wa dhahabu walikataa; waliolazimisha ndoa mwaka 1900 hawakutaka talaka. Baadaye chuma cha Pilbara kilianza kuchimbwa, miji mipya ikaota, na jimbo lililoanza kama jimbo la dhahabu likawa na bandari za chuma, mashamba ya ng'ombe, mashamba ya lulu na kijiji cha Eucla ambako watu huweka saa zao mbele ya Perth kwa dakika 45. Campbell alivuliwa uteuzi na chama chake mwaka 1995 kwa misimamo yake juu ya uhamiaji, akashinda akiwa mgombea binafsi mwaka 1996, akashindwa na Barry Haase wa Liberal mwaka 1998. Sisi wahamiaji hatukuwa na rafiki kwake, lakini naheshimu kwamba watu wake walimchagua yeye, hawakuchagua nembo ya chama.

Kwa nini basi jimbo lilikua hivyo? Kwa sababu, mabibi na mabwana, majimbo ya nchi hii hukatwa kwa kuhesabu vichwa. Kila jimbo linapaswa kukaribiana na mwenzake kwa idadi ya wapiga kura. Zamani sheria iliruhusu tofauti ya moja ya tano juu au chini ya wastani, na watu wa mashambani walifaidi. Mwaka 1974 tofauti hiyo ikapunguzwa kuwa moja ya kumi. Watu wanapohamia mjini, na hapa Perth mnaona wenyewe nyumba zinavyoota kila wiki, jimbo la bara hulazimika kutafuta wapiga kura mbali zaidi, na mpaka husogea. Kalgoorlie ya mwaka 1901 ilikuwa na jirani yake Coolgardie kwa sababu watu walikuwa wengi. Ukubwa wa mwaka 2007 ulikuwa alama ya uchache.

Nimewasikia wazee wa Kalgoorlie wakilalamika kwamba mbunge mmoja hawezi kuhudumia eneo kama Kongo, na wana haki ya kulalamika. Fikiria mama wa Halls Creek, kule Kimberley, mwenye shida ya pensheni, ambaye ofisi ya mbunge wake iko umbali wa zaidi ya safari ya Dar es Salaam kwenda Kigali. Lakini ukimpa yeye mbunge wa peke yake kwa watu elfu ishirini, kura yake itakuwa na uzito mara nne au tano kuliko ya mama wa Mirrabooka, hapa Perth, ambaye naye ana shida ya pensheni. Mimi nasimama na hesabu ya vichwa, na ninasema hivyo nikijua kwamba ningekuwa bado naishi Kalgoorlie pengine ningesimama kwingine.

Mwishoni mwa mwaka 2008 tume iliyokuwa ikipanga upya mipaka ilitangaza kwamba jimbo la Kalgoorlie litakoma. Kaskazini iliundiwa jimbo jipya, Durack, lililopewa jina la familia ya wafugaji mashuhuri wa Kimberley, na bado ndilo kubwa kuliko yote Australia. Haase alihamia huko akashinda mwaka 2010. Mji wa Kalgoorlie wenyewe, pamoja na nchi ya kusini mashariki mpaka pwani, uliwekwa katika jimbo la O'Connor. Kati ya majina matano ya mwaka 1901 yamebaki matatu: Perth, Fremantle na Swan. Baadhi yenu mtapiga kura chini ya majina hayo. Yaliyofutika yote mawili ni ya dhahabu.

Na O'Connor ni nani? Charles Yelverton O'Connor, mhandisi, naye pia mzaliwa wa Ayalandi, aliyebuni bomba la kupeleka maji kutoka bwawa la Mundaring, hapo milimani mnapopeleka watoto kutembea, hadi Kalgoorlie, zaidi ya kilomita 500, maji yakipandishwa kwa mitambo minane ya mvuke. Magazeti yalimkejeli, wanasiasa wakamsumbua, na tarehe 10 Machi 1902 alipanda farasi akaingia baharini kusini ya Fremantle akajipiga risasi. Mtasikia ikisimuliwa kwamba bomba lilifunguliwa, maji yakachelewa, akakata tamaa. Si kweli. Bomba lilifunguliwa Kalgoorlie tarehe 24 Januari 1903, miezi kumi baada ya mazishi yake, na maji yalifika.

Katika barabara kuu ya Kalgoorlie kuna sanamu ya Paddy Hannan, yule mwenye farasi wa mwaka 1893. Ameketi, amepakata mfuko wa maji wa wasafiri wa jangwani, na mdomo wa mfuko huo umefungwa bomba, mpita njia huinama akanywa. Nilikunywa hapo mara nyingi nikitoka kazini. Maji yale yanatoka Mundaring.